Umeme ukikatika usiku, geko apate joto la kidumu

Wenye geko (aina ya mjusi) hapa Bukavu: umeme ukikatika usiku, jaza kidumu cha lita 5 maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kizungushie kitenge, ukiegemeze nje ya sanduku lake la kioo upande mmoja tu, pale anapojificha. Geko hujipasha kwa joto la nje. Akipoa, chakula hakisagiki tumboni, kwa hiyo usiku huo usimpe panzi. Upande wa pili uache ulivyo, akizidiwa na joto ahamie huko. Kidumu kikipoa kiondoe, maana kitaanza kunyonya joto. Kwa sanduku la mbao haisaidii, ubao haupitishi joto vizuri. Mbabula (jiko la makaa) usiiingize chumbani kabisa: hewa ya makala inaua hata watu.