Imba kwanza, ndipo uchombeze: kupamba wimbo mwepesi kwa gitaa

Vijana wanaokuja kwangu Jumamosi hapa Morogoro karibu wote wana swali moja: "Kaka, solo inapigwaje?" Kodi za C, F na G, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, wanazo, kwaya wanaisindikiza vizuri, ila ukiwaambia wapambe wimbo, vidole vinakimbia shingo nzima bila kutua. Siwapi skeli, zile ngazi za noti za kukariri. Nawaambia walaze gitaa, waimbe.

Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya kufundishia: mi re do re mi sol mi, vuta pumzi, mi re do re mi re do. Kiimbe mpaka kikujie hata ukiwa unachota maji. Sasa kipige. Mi ni uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, bila kubonyeza. Sol ni uzi huohuo, chumba cha tatu; chumba ni nafasi iliyo kati ya vyuma viwili vya shingoni. Do iko uzi wa pili, chumba cha kwanza, na re uzi wa pili, chumba cha tatu. Piga mara kumi, mguu ukihesabu, bila kuongeza kitu. Wengi wanaichukia hatua hii lakini simruhusu mtu kuiruka, kwa sababu nakshi inahitaji kitambaa cha kushonea.

Angalia wimbo unapotua: mi kabla ya pumzi, na do ya mwisho. Hizo mbili ziache kama zilivyo. Msikilizaji anazisubiri, na ukizificha amekupoteza.

Nakshi ya kwanza ninayofundisha ni ya kugonga. Badala ya kuipiga re moja kwa moja, piga do kwa kidole cha shahada, kisha dondosha kidole cha pete kwenye re bila kuupiga uzi tena. Kidole kianguke kwa nguvu, karibu kabisa na kile chuma cha mbele yake. Kikianguka katikati ya chumba sauti inafifia. Kinyume chake ni kunyofoa: bonyeza fa, uzi wa kwanza chumba cha kwanza, piga, halafu uvute uzi kidogo kuelekea chini unapouachia, mi ilie yenyewe. Kwa hizo mbili tu, kipande chetu kinaanza kuongea.

Kisha sauti mbili kwa pamoja, na hapa ndipo muziki wetu wa dansi na wa Kongo ulipoweka utamu mwingi. Chini ya mi weka do: uzi wa kwanza wazi, wa pili chumba cha kwanza. Chini ya re weka si, uzi wa tatu chumba cha nne. Chini ya sol weka mi, uzi wa pili chumba cha tano. Ila ukitua kwenye do, usiendelee na mpangilio huohuo wa kuruka noti moja kushuka. Utapata la, na wimbo utasikika kama haujaisha. Weka sol, yaani uzi wa tatu ukiwa wazi. Jaribu zote mbili, moja baada ya nyingine, sikio litakwambia.

Pengo la pumzi ndilo nyumba ya mpiga solo. Nililijua hilo harusini, miaka mingi iliyopita, nilipojaza noti juu ya mashairi hadi mwimbaji akageuka na kunishushia kiganja, ishara kwamba nipunguze. Aliniumiza, lakini alikuwa sahihi. Usiku ule nilirudia kusikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe, aliyewika na bendi ya Morogoro Jazz. Alikuwa mwimbaji na mpiga solo mwenyewe, na gitaa lake linajua kungoja mstari uishe ndipo lijibu. Jibu lako lianzie kwenye noti aliyoishia mwimbaji. Noti nne zinatosha.

Ukifika kwenye chemko, mahali watu wanapocheza, ndipo unapojiachia. Hapo pia shika kipande kimoja kifupi na ukizungushe. Mzunguko wa kwanza kiache kilivyo. Wa pili badilisha mapigo tu: chelewesha sol nusu pigo. Wa tatu rudisha mapigo, badilisha noti moja, mathalani la badala ya sol wakati ridhim, gitaa linalosindikiza kwa kodi, imehamia F. Jambo moja kwa mzunguko mmoja, ili mchezaji apate kulifuata kwa miguu.

Jirekodi kwa simu kila jioni, dakika mbili. Kesho yake msikilizishe rekodi hiyo mtu wa nyumbani ambaye hajui ulikuwa unafanya nini, umwombe akuimbie wimbo aliousikia. Akiimba mi re do re mi, ongeza nakshi moja wiki ijayo. Akishindwa, punguza mbili.