SOMO: Kutumia data za mvua kubwa kabla hujaweka kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara)

Wakuu, kila masika ikikaribia nafuatwa inbox na swali lilelile, niweke kalavati la saizi gani, naandika mara moja yaishe.

1. Omba TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) data za mvua ya kila siku ya kituo cha karibu, miaka 30 ikiwezekana.

2. Kila mwaka chukua siku moja tu iliyonyesha kuliko zote. Sio jumla ya mwezi.

3. Panga kubwa kwenda ndogo. Idadi ya miaka jumlisha moja, gawa kwa nafasi ya mvua hiyo kwenye orodha: miaka 30, ya tatu ni 31/3, yaani kwa wastani inajirudia kila miaka 10 hivi.

4. Hapa ndo niliumia. Nilipata mm 96 kwa siku nikagawa kwa 24, nikaona mm 4 kwa saa, kitu gani hicho. Eneo linaloleta maji ni hekta 10 za mabati na vumbi gumu, 0.7 × 4 × 10 ÷ 360 (0.7 ni sehemu ya mvua inayotiririka, 360 inageuza jibu kuwa mita za ujazo kwa sekunde), inakuja lita 78 kwa sekunde, nikaweka kalavati la mtoto. Sasa mvua yetu hainyeshi masaa 24 jamani, inamwaga saa moja inaondoka! Kwa mm 60 kwa saa ni lita 1,167, mara 15. Barabara ilienda na kalavati likaenda. Kadiria maji ya mbali kabisa yanachukua dakika ngapi kukufikia, halafu tafuta ukali wa mvua ya muda huohuo. USIGAWE KWA 24.

Maswali yenu na majibu yangu:

Mkuu kwa hiyo niweke saizi gani?
Rudi hatua ya 4.

Nipe jibu tu, fundi yuko site
Mwambie apumzike.

Dar tarehe 20 Desemba 2011 mvua ya siku moja ilizidi mm 150, si ndo basi mpaka miaka 50 ipite?
Hapana kaka, mvua haina kalenda. Ya miaka 50 ina asilimia 2 kila mwaka, hata mwakani inarudi. Ndani ya miaka 30 uwezekano wa kukukuta ni kama 45%.

Visanduku vitupu kwenye eksel nijaze sifuri?
Swali zuri dada. Usijaze, mtupu maana yake hakuna aliyepima. Na angalia Jumatatu, ukikuta Jumamosi na Jumapili ziko wazi halafu Jumatatu ina mvua ya ajabu, hiyo ni ya siku tatu imemwagwa pamoja. Hata mimi ilinipita mwanzoni.

Nje ya mada, bati la mita 100 za mraba linajaza simtanki?
Mm 1 kwa mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mm 50 ni lita 5,000 kasoro zinazoruka nje ya gata. Mvua ya kwanza iache ioshe bati.