Fiziotherapia kwa vitendo Moshi na Arusha: msimamizi kwanza, tiketi baadaye

Wapo vijana wetu wanaosomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, Uingereza, Ujerumani au Marekani, na wanatamani kufanyia sehemu ya mafunzo kwa vitendo huku nyumbani: walale kwa bibi Machame, asubuhi waende wodini. Wazo ni zuri. Kinacholiharibu ni familia kuipanga safari hiyo kama likizo. Mjomba anafahamiana na muuguzi, muuguzi anasema "aje tu, ni mtoto wetu", tiketi inakatwa. Kijana anazunguka wodi na koti lake jeupe, anarudi, na chuo kinakataa kumhesabia hata saa moja.

Saa hizo zina uzito. Uingereza, chama cha taaluma hiyo, CSP, kinataka mwanafunzi atimize saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Ujerumani, mafunzo ya kawaida ya miaka mitatu yana saa 1,600 za kazi na wagonjwa. Marekani huhesabu kwa wiki, zisizopungua 30. Kote huko haitoshi kuwepo hospitalini. Lazima awepo mtaalamu aliyehitimu anayejua umekuja kujifunza nini, anayekutazama ukifanya, na anayeweka sahihi akijua kwamba ataulizwa.

Kwa hiyo anza na chuo chako, mapema, hata mwaka mzima kabla. Uliza kama wanakubali mafunzo ya nje ya nchi, na kama saa zitahesabiwa au itakuwa ziara ya hiari tu. Kisha chuo na hospitali waandikiane makubaliano, jina la msimamizi likiwemo. Muulizeni pia atakuwa na wanafunzi wangapi kwa wakati huo, maana akiwa na wengi mno utabaki kusimama nyuma ya mgongo wa mwenzako. Mjomba naye ana kazi yake: kukutafutia chumba na kukuonyesha daladala.

Moshi, jina la kwanza ni KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Fiziotherapia inafundishwa hapo hapo, na ndani ya eneo hilo kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa saidizi. Mwanafunzi anaweza kumfuata mgonjwa aliyekatwa mguu tangu kidonda kinapopona, mazoezi ya kisiki (sehemu ya mguu iliyobaki), hadi hatua za kwanza juu ya mguu mpya. Ziko pia hospitali za mikoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, pamoja na Arusha Lutheran Medical Centre.

Utakutana na kiharusi, majeruhi wa bodaboda, walioungua moto, walioumia uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka mtini, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Upande wa Arusha kuna jambo ambalo huenda mhadhiri wako hajawahi kuliona: maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kuliko kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia tumeyazoea, lakini mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi sana anaweza kupinda mifupa ya miguu hadi ahitaji upasuaji, kisha miezi ya kujifunza kutembea upya.

Malengo ya tiba nayo hubadilika. Mgonjwa wa Rombo hakuulizi kuhusu ngazi zenye kishikio. Anataka kujua kama ataweza kuchuchumaa chooni na kupanda mteremko wa kihamba, shamba la nyumbani, siku ya mvua. Nauli ya kurudi kliniki kila wiki hana, kwa hiyo anayemuuguza ndiye mwanafunzi wako: mfundishe kumgeuza, kumkalisha na kumwamsha, kisha mwambie akuonyeshe yeye. Hapa ndipo Kiswahili cha sebuleni kinapokwama. Jizoeze mapema kuuliza kama maumivu yanachoma, yanavuta au ni ganzi, na kusema kunja, nyoosha, kaza, achia. Mzee msalimie shikamoo kabla hujamgusa goti. Na wapo wazee wa Kimaasai ambao hata Kiswahili ni kigeni kwao. Omba mkalimani, usikisie.

Jambo moja nalisisitiza. Kwa kuwa umetoka Ulaya, watu watakuona unajua zaidi ya unavyojua. Utaambiwa "mfanyie tu" huku msimamizi hayupo. Kataa kwa adabu. Kwa sababu hiyo hiyo wengine wataona aibu kukukosoa, basi omba kukosolewa: "Nimekosea wapi leo?" Fomu ya tathmini ya chuo itumwe kabla hujafika, na mhadhiri amweleze msimamizi kwa simu ya video kila alama ina maana gani.

Mengine kwa haraka. Ukiwa na pasipoti ya kigeni, viza ya utalii haitoshi. Muulize mwenyeji wako, pamoja na Uhamiaji, kibali kinachofaa kwa muda wako. Chanjo ya homa ya ini B iwe imekamilika. Cheti cha homa ya manjano utadaiwa ukitokea nchi yenye ugonjwa huo, au ukisubiri ndege huko zaidi ya saa 12. Uliza pia dawa za kuzuia VVU zinapatikana wapi ukichomwa na sindano, maana zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Ada ya mafunzo katika hospitali ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number), si kwenye simu ya mtu. Bima ya taaluma ya chuo chako iseme wazi kwamba inafika Tanzania. Wagonjwa usiwapige picha za kupeleka mtandaoni. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukija Juni au Julai, beba sweta.

Saa zako zisainiwe kila wiki, usizilimbikize hadi mwisho, maana msimamizi anaweza kuwa likizo wiki unayoondoka. Fomu ya mwisho iwe na sahihi na muhuri wa hospitali, uipige picha na kuituma chuoni kabla hujaenda uwanja wa ndege wa KIA.