Kuhasi Ngano kwa Dawa ili Kupata Mbegu Chotara

Kila ua la ngano lina vifuko vitatu vya chavua na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Kibano kinatosha kuhasi masuke machache, yaani kuyanyang'anya chavua yake, lakini anayejaribu machotara mengi huhitaji dawa inayoharibu chavua bila kuidhuru ovari.

Hatua ya 1: Panda mistari ya jike (ngano itakayohasiwa) na ya dume (itakayotoa chavua) kwa kupishanisha, na dume lipandwe kwa awamu mbili ili chavua yake isiishe mapema.

Hatua ya 2: Chagua dawa. Ethefoni siipendi kwa kazi hii, kwani hutoa ethilini (gesi ambayo ni homoni ya mimea) ndani ya mmea na mara nyingi suke hushindwa kuchomoza vizuri kutoka kwenye ala ya jani, hivyo chavua ya dume hailifikii. Naona heri sintofeni, iliyoundwa mahususi kwa kuhasi ngano.

Hatua ya 3: Tambua wakati wa kunyunyizia. Dawa inapaswa kufika kabla seli mama za chavua hazijaingia kwenye meiosisi (mgawanyiko wa seli unaozaa chavua), suke likiwa bado limefichwa ndani ya shina. Ukiwahi mno au ukichelewa, baadhi ya maua yatabaki na chavua hai. Usitegemee kalenda, kwa sababu joto huharakisha ukuaji na baridi huuchelewesha. Kila siku pasua mashina kadhaa kwa wembe, pima urefu wa suke, kisha ponda kifuko kimoja cha chavua ndani ya asetokamini (rangi inayoonyesha kromosomu) na ukitazame kwa hadubini. Kitoe katikati ya suke, ambako meiosisi huanza kabla ya kuenea kuelekea ncha zote mbili. Anayekagua ncha peke yake hudhani bado ana muda. Andika urefu huo kwa kila aina ya ngano, maana kipimo cha aina moja hakiifai nyingine. Machipukizi ya pembeni, ambayo huwa nyuma ya shina kuu, ndiyo usumbufu mkubwa zaidi: panda kwa msongamano ili yapungue, na yaliyochelewa sana yakate.

Hatua ya 4: Funika dume kwa turubai, kisha nyunyizia jike kwa kipimo cha kwenye lebo, pasipo upepo.

Hatua ya 5: Kabla maua hayajafunguka, valisha mifuko ya karatasi masuke kadhaa yaliyonyunyiziwa na mengine yasiyonyunyiziwa, kisha linganisha idadi ya punje. Iodini huipa chavua yenye wanga rangi nyeusi, lakini hukumu yangu huitoa kwenye mfuko. Masuke machache yaliyonyunyiziwa yachavushe kwa mkono kwa chavua hai. Yakikosa punje ilhali yasiyonyunyiziwa, yaliyohasiwa kwa kibano na kuchavushwa vivyo hivyo, yamezaa, dawa imeigusa ovari pia, na kipimo kipunguzwe.