Dumu la petroli lishushe chini kwanza

Ndugu zangu mnaobeba petroli ya misumeno kwenda misituni huko Mafinga, dumu msilijazie juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Lishusheni, likae sakafuni.

Petroli ikipita kwa kasi kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli, ule ule unaofanya sweta lialike ukilivua gizani mwezi wa saba, hewa ikiwa kavu. Dumu likikaa juu ya turubai au plastiki iliyotandikwa kwenye gari, umeme huo hauna pa kushukia. Unajikusanya, kisha unaruka kama cheche mdomoni mwa dumu, palepale mvuke unapotokea. Na baridi yetu isiwadanganye: petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mwambieni mhudumu agusishe chuma cha pampu kwenye mdomo wa dumu tangu mwanzo hadi mwisho, na afungue taratibu. Dumu la chuma ni bora, maana umeme unapata njia ya kwenda ardhini. Yale ya mafuta ya kula achaneni nayo kabisa. Bodaboda nanyi vilevile: nikiona dumu linajazwa likiwa limefungwa kwenye keria, injini inanguruma, moyo hunienda mbio.