Kumbukumbu za Kasa Waliookolewa: Jinsi ya Kuziandika na Kutoa Taarifa

Kasa anayeletwa kituoni baada ya kunaswa na jarife, yaani wavu wa matundu makubwa, au aliyekutwa akielea asiweze kuzama, si mali ya kituo wala ya mvuvi aliyemleta. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kuwa na mnyama aliye hatarini kutoweka, au nyara inayotokana naye, bila kibali ni kosa. Kwa hiyo, kabla ya kupokea kasa wa kwanza, hakikisha kwamba idhini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, imo kwenye faili, na kwamba masharti yake ya kutoa taarifa yamesomwa na kila mhudumu, si na msimamizi peke yake.

Ukurasa wa mapokezi ndio wenye thamani kuliko kurasa zote, kwa kuwa yasiyoandikwa saa ile aghalabu hayapatikani tena. Andika namba ya kasa, tarehe na saa, mahali alipopatikana kwa jina wanalolitumia wavuvi wenyewe pamoja na vipimo vya GPS, aina ya nyavu au ndoana, na muda ambao nyavu zilikaa majini. Tenganisha aliyoyasema mvuvi na uliyoyaona wewe. Jina lake na namba yake ya simu viwekwe katika daftari la pembeni lisilosambazwa ovyo, maana mvuvi anayehofia kuandamwa kwa sababu ya wema wake atamwacha kasa afe nyavuni na hatapiga simu tena. Nalihesabu jambo hili kuwa zito kuliko usahihi wa ramani.

Aina ya kasa itajwe pamoja na alama iliyoitambulisha: kasa uziwa ana jozi moja ya magamba madogo kati ya macho na pua, ilhali ng'amba ana jozi mbili. Urefu hupimwa kwa utepe laini kama wa fundi cherehani, ukifuata mkunjo wa gamba kuanzia ukingo wa shingoni hadi nyuma, na fomu ieleze ulipoishia utepe, kwani tofauti ndogo kati ya wapimaji wawili yaweza kudhaniwa kuwa ni ukuaji. Jinsia ya kasa mchanga haitambuliki kwa kumtazama. Andika "haijulikani", usikisie. Piga picha za pande zote mbili za uso, kwa sababu mpangilio wa magamba ya shavuni humtofautisha kasa mmoja na mwingine hata kibati cha utambulisho kikidondoka pezini.

Wakati wa matibabu, kila dozi iandikwe pamoja na uzito uliotumika kuikokotoa, saa, na jina la aliyeitoa. Uvimbe wa fibropapiloma, ugonjwa unaootesha vinundu mwilini mwa kasa, uhesabiwe, upimwe na uchorwe mahali ulipo, na namba ya tangi iandikwe. Ukikosea, kata neno kwa mstari mmoja na utie saini, usifute.

Zipo taarifa zisizongoja ripoti ya mwezi wala ya mwaka. Kasa mwenye majeraha ya panga, au magamba na nyama vinavyoashiria ujangili, ni ushahidi: piga picha, wajulishe KWS mara moja, na kila makabidhiano yatiwe saini na pande zote mbili. Vifo vingi vya ghafla ufukweni vilevile hutolewa taarifa siku hiyohiyo. Kasa akifia kituoni, gamba na fuvu lake ni nyara, na havibaki kuwa pambo la ofisi bila idhini ya maandishi.

Katika ripoti ya mwaka, kila namba iwe na hatima yake: aliachiliwa, alihamishwa, alikufa, au bado yuko kituoni. Waliokufa ndani ya saa 24 za mwanzo watajwe peke yao, wala wasiondolewe kwenye jumla ili matokeo yapendeze. Siku ya kumwachilia kasa, watu wawili wasome namba ya kibati kabla ya kumfikisha majini. Kibati hicho kikisomwa baadaye Lamu, au ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, hufunguliwa jalada lilelile, na tarehe, mahali na kipimo kipya huongezwa chini ya namba ya awali.