Msambazaji Akimpa Mshindani Wako Taarifa za Wateja Watarajiwa: Hatua za Kisheria za Kuchukua

Mfanyabiashara anayegundua kwamba msambazaji wake amempelekea mshindani majina ya wateja aliowatafuta kwa jasho lake hutaka kushtaki siku hiyohiyo, na uchungu huo ni wa haki. Hata hivyo, katika kazi ya uwakili nimeona madai ya aina hii yakisimama au kuanguka kwa jambo moja: kama mdai anaweza kuonyesha njia ambayo taarifa ilipita, kutoka mkononi mwake hadi kwa mshindani. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo mshirikishe wakili wa nchi ambayo sheria yake inatawala mkataba wako.

Hatua ya kwanza: hifadhi ushahidi kabla ya kulalamika

Usianze kwa kumpigia msambazaji simu. Hifadhi barua pepe zenyewe, wala si picha za skrini pekee, pamoja na kumbukumbu za mfumo wa mauzo zenye tarehe na saa. Kisha andaa jedwali linaloonyesha, kwa kila mteja, siku ulipompata, siku ulipomwandikisha kwa msambazaji ili upewe bei maalumu, na siku mshindani alipomfikia.

Ukaribu wa tarehe ni dalili tu, kwa kuwa mteja mwenyewe huenda aliomba bei kwa wauzaji kadhaa. Ushahidi mzito zaidi ni kosa linalosafiri: iwapo ulikosea herufi moja ya jina la meneja ununuzi katika fomu uliyomkabidhi msambazaji peke yake, na kosa lilelile likajitokeza katika nukuu ya bei ya mshindani, msambazaji atapata taabu kulieleza. Mwombe mteja akupe nakala ya nukuu hiyo kwa hiari yake. Kamwe usiingie kwa siri katika mfumo wa mtu mwingine kuitafuta, maana utageuka kuwa mshtakiwa.

Hatua ya pili: soma mkataba wote

Soma pia masharti ya jumla uliyoyakubali kwenye tovuti ya msambazaji, kwa sababu mara nyingi humo ndimo anamojipa ruhusa ya kuwagawia mawakala wake wengine taarifa unazowasilisha. Kama mshindani wako ni wakala wa msambazaji huyohuyo, kifungu hicho ndicho kitakachotumiwa dhidi yako. Angalia vilevile kifungu cha usiri, cha notisi na cha utatuzi wa migogoro.

Hatua ya tatu: chagua misingi ya madai

Uvunjaji wa mkataba ndio msingi mwepesi kuthibitisha pale ambapo kifungu cha usiri kipo. Kisipokuwepo, nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza huangalia vigezo vitatu vya kesi ya Coco v A.N. Clark ya mwaka 1969: taarifa iwe ya siri kwa asili yake, iwe imetolewa katika mazingira yanayomfunga mpokeaji kuitunza, na iwe imetumiwa bila idhini kwa hasara ya mwenyewe. Msingi wa siri ya biashara, unaotambuliwa na Ibara ya 39 ya Mkataba wa TRIPS (mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu), unadai zaidi: taarifa iwe na thamani kwa sababu ni siri, na wewe uwe umechukua hatua za busara kuilinda. Orodha inayosomwa na kila mtu ofisini itakushinda kuitetea.

Mshindani naye anaweza kuunganishwa katika shauri ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba taarifa ilitolewa kinyume cha wajibu wa usiri. Ikiwa msambazaji alimpa pia bei ulizopanga kutoza, chunguza sheria ya ushindani. Kuhusu sheria ya data binafsi, tahadhari: kabla ya kuitumia, hakikisha wewe mwenyewe ulikuwa na haki ya kumpa msambazaji majina na namba hizo.

Hatua ya nne: tuma notisi ya madai

Mtake msambazaji aache mara moja, asifute kumbukumbu yoyote, ataje waliopokea taarifa, na atoe ahadi ya maandishi ndani ya muda mfupi. Usizuie malipo ya ankara zake kama adhabu, kwani unaweza kuonekana wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Hatua ya tano: omba zuio la muda

Hii ni amri ya mahakama ya kusimamisha matumizi ya taarifa zako wakati shauri likisubiri kuamuliwa. Ukichelewa, mahakama itajiuliza kama kweli kuna dharura. Uwe tayari kuahidi kumfidia mlalamikiwa iwapo zuio litaonekana baadaye halikustahili. Kifungu cha usuluhishi, yaani kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, katika nchi nyingi hakikuzuii kuomba amri hii mahakamani.

Hatua ya sita: kokotoa hasara, kisha zungumza

Dai faida uliyopoteza, si mauzo ghafi, na utenge wateja ambao huenda wasingenunua kwako kwa vyovyote. Mahali sheria inaporuhusu, unaweza badala yake kudai faida aliyoipata mkosaji. Ikiwa bado unahitaji bidhaa za msambazaji huyo, suluhu yenye kamisheni kwa kila mauzo yaliyofanywa kwa wateja hao, pamoja na marufuku ya kuwafikia kwa kipindi maalumu, inaweza kukufaa kuliko hukumu itakayochelewa. Kama shauri liko mahakamani, hakikisha tu kwamba suluhu inasajiliwa huko ili iweze kutekelezwa kama amri ya mahakama.